Ushuhuda wa Mama Roza

Kilosa, Jumapili, 1975

Eti hachomwi sindano tena. Jirani yangu Mama Roza hajamaliza dawa za kifua kikuu, na leo kanisani mhubiri mgeni kamwekea mikono, kisha kamsimamisha ashuhudie kwamba amepona. Kashuhudia. Vigelegele!

Jioni nilimkuta akipepeta mchele huku anakohoa.

"Shikamoo, mama. Kesho twende zahanati."

"Marahaba. Nionekane kwenye foleni? Nimeshashuhudia, mwanangu. Nitakuwa nimemwongopea Mungu."

Nikamfuata mhubiri.

"Ndugu mwandishi," akacheka, "kumbe huamini karama za Roho?"

Nilimjibu kwamba sijui kama karama zilikoma na mitume au zipo hadi leo. Ninachojua ni kwamba aliyepona kweli hadhuriki kwa kupimwa makohozi. Akasema kupima ni kumjaribu Mungu. Yeye kesho anapanda gari moshi, kifua si chake. Nilitamani kumzaba kofi.

Nikarudi kwa Mama Roza, nikamwambia gazeti langu haliandiki muujiza wowote, hata wake, bila cheti cha daktari.

Akaendelea kupepeta. Kisha akauliza, bila kunitazama, zahanati inafunguliwa saa ngapi.