Ngazi za Fort Jesus

Changamwe, Mombasa
Alhamisi

Mke wangu Robi,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye joto. Achieng amepona kikohozi? Na maharagwe, mvua imetuachia kitu? Mimi mwili uko sawa, na udobi wa hotelini unaendelea. Roho ndiyo haiko sawa, na nataka uambiwe na mimi.

Kwanza, macho ya mama yako yametibiwa. Daktari anasema la kulia litaona vizuri, la kushoto polepole. Siku zote amelala na kula kwa jirani yangu Bi Rehema. Chumbani kwangu hajakanyaga, hapo usiwe na wasiwasi.

Sasa Jumapili nikasema asirudi kwake Ntimaru bila kuona bahari na ile ngome. Bi Rehema ndiye angefuatana naye, lakini asubuhi akaitwa msibani. Ningeahirisha, ila mama alikuwa ameshafunga kile kitambaa cha kichwa ulichomnunulia, amekaa mlangoni anangoja.

Tulikuwa na nusu siku tu, saa nane niwe kazini. Tukazunguka Mji wa Kale, mimi mbele hatua kumi, yeye nyuma, namwonyesha mambo bila kugeuka. "Hiyo milango ni ya zamani sana, mama." "Naiona, Baba Achieng." Langoni mwa ngome mpiga picha akachoka na sisi. "Sogeeni basi, ama mmegombana?" Mama yako akacheka. Tukapigwa picha mzinga ukiwa katikati yetu.

Tukapanda juu ya ukuta kutazama maji. Akasema ni mengi kuliko ziwa letu, tena hayana ng'ambo. Alifurahi, Robi. Shida ilikuja wakati wa kushuka. Zile ngazi ni mawe yaliyolika, na jua lilimpiga machoni. Akasimama, akaninyooshea mkono, yeye mwenyewe.

"Baba Achieng, nishike. Sioni."

Nikaangalia ukuta. Unajua kwenu na kwetu mwanamume hamgusi mama wa mke wake, na niliona kama wazee wote wa kwetu Rangwe wamesimama pale wananitazama. Nilisikia akianguka. Mwanamke mmoja wa buibui ndiye alimwinua, akanigeukia. "Wewe, mama wa watu anaanguka, unatazama mawe?"

Mama yako, damu ikimtoka gotini, ndiye alinijibia. "Mwache. Ananiheshimu."

Naona haya hata kuandika. Heshima gani ile? Niliogopa tu.

Barua hii anakuletea yeye akipitia hapo kwako kabla ya kwenda kwake, nimemwambia ni salamu. Atakuambia alijikwaa mlangoni kwa Bi Rehema. Usimbishie, lakini angalia goti la kushoto ulifunge vizuri. Picha nimeiweka humu, utaona jinsi tulivyosimama.

Nisalimie mama yangu, na ndugu yangu anayetuchungia ng'ombe, na yule shangazi wa kwaya.

Kesho asubuhi nampeleka kwenye basi. Ngazi yake ni ndefu, na abiria wengi ni watu wa kwetu Homa Bay, wengine wananijua vizuri. Nitamshika mkono mbele yao wote, mpaka akae kwenye kiti. Ukisikia wananisema hapo sokoni Rangwe, usigombane na mtu. Waambie ni kweli.

Ni mimi mume wako,
Ouma