Mzee Semboja kasomwa marehemu

Asnath, acha unachofanya usome hii.

Si unajua kota za zamani za serikali hapa Manundu zinabomolewa, yajengwe maghorofa? Leo asubuhi afisa kaja kusoma majina ya wapangaji watakaopewa nyumba mpya. Mzee Semboja, yule fundi bomba mstaafu, alikaa mbele kabisa. Ameishi mle miaka thelathini na moja.

Afisa akasoma: "Semboja, marehemu. Nafasi yake anachukua mrithi."

Marehemu! Na mwenyewe kakaa pale!

Mzee akainuka, kashikilia kiti. "Mwanangu, Semboja ndiye mimi."

"Mzee, hapa kuna cheti cha kifo. Mrithi kakileta mwenyewe."

"Mrithi gani?"

"Joseph Semboja."

Joseph, Asnath! Mwanawe wa pekee, na alikuwa amesimama nyuma yetu! Mzee akisema cheti ni cha uongo, kijana anaenda na polisi. Akinyamaza, hana pa kulala.

Mzee akageuka. "Joseph, njoo uwaambie mimi ni nani."

Joseph akaja taratibu, akapiga magoti vumbini. "Ni baba yangu. Yuko hai. Cheti nilikitengenezesha mimi."

Afisa akalikata lile neno marehemu kwa kalamu, halafu akawapigia polisi.

Wapangaji wenzake sasa hivi wanaoneshwa ramani ya nyumba mpya. Mzee yeye yuko kituoni, kakaa kwenye benchi, anasema haondoki bila mwanawe.