Marehemu Hakubahatika Kuoa

Jumanne, 6 Mei

Vitumbua vimekwisha kabla ya saa mbili. Wapagazi wa sokoni wana njaa wiki hii. Nimeosha vikaango, nimevaa baibui, nimepanda kwa Wakili Neema. Mtaa wa Msimbazi, ghorofa ya pili, juu ya duka la vitenge. Magoti yanauma.

Benchi la kungojea limejaa. Watu hawangoji wakili, wanaulizana wenyewe kwa wenyewe. Kijana mmoja, mwenye nyumba wake kamfungia frem ya duka kwa kufuli, anauliza kama hiyo ni haki. Binti anauliza kama meseji za simu ni ushahidi. Mwanamume mwenye kofia anauliza kama mtu hufungwa kwa deni. Si yeye, ni rafiki yake. Lakini aliyekuwa akifuta jasho ni yeye.

Swali langu sikumwuliza mtu pale. Naona haya. Mwanamke wa umri wangu kuuliza kama aliolewa.

Wakili Neema ni mdogo kama mjukuu wangu. Kaniamkia shikamoo mara mbili, kasahau ya kwanza. Anasema jambo langu linaitwa dhana ya ndoa. Mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili na zaidi, na watu wakawajua kuwa mke na mume, mahakama inaweza kuwachukulia kuwa wameoana hata bila cheti. Miaka miwili! Mimi na Eli ilikuwa inakaribia arobaini. Nikamwuliza, sasa kesi ya nini? Akasema upande wa pili unaruhusiwa kuipinga dhana hiyo. Anataka watu. Watu waliotuona.

Ijumaa, 9 Mei

Niandike hili nilimalize.

Eli alifariki Januari. Ndugu zake wakamsafirisha Moshi, kama kawaida yao. Nilikwenda. Nilikaa nyuma na watu wa basi. Ukasomwa wasifu wake: kuzaliwa, shule, ufundi wa redio Dar es Salaam, kuugua. Kisha msomaji akasema, "Marehemu hakubahatika kuoa, wala kupata mtoto." Akageuza karatasi.

Mtoto ni kweli, hatukujaaliwa. Hilo lingine nilikuwa nimekaa hapo hapo nikilisikia.

Niliporudi mjini, kaka yangu naye akaniambia hakuna kukaa eda. Eda ni ya mke. Nikaendelea kukaanga vitumbua siku ya tatu yake, maana nilikuwa sina cheo chochote cha kuniweka ndani.

Sasa Aminieli, mdogo wake Eli, ameomba mahakamani awe msimamizi wa mirathi. Anataka kuuza nyumba yetu hapa Kariakoo, wajenge ghorofa kama la jirani. Mimi kaniandika mpangaji. Hati ina jina la Eli peke yake, hilo sibishi. Lakini mabati ya nyumba hii ni vitumbua. Nimeweka pingamizi. Nina hasira.

Jumamosi, 10 Mei

Neema aliniuliza kwa nini hatukufunga ndoa. Sikumjibu vizuri. Jibu ni hili. Mama yake Eli alitaka kanisani. Baba yangu alitaka Eli asilimu kwanza. Hakuna aliyekubali kushuka. Tukasema tutakwenda bomani, wenyewe wawili na mashahidi wetu. Baada ya Idi. Baada ya Krismasi. Tukimaliza kuezeka. Kisha tukazoea. Watu walishatuita Fundi na Bi Tatu kwa pamoja, kama jina la duka, tukaona yamekwisha.

Tulikuwa wajinga. Wajinga wenye furaha, lakini wajinga.

Jumatano, 14 Mei

Neema ametaka nikumbuke waliokuwa wakiishi nyumba hii. Nimekaa uani asubuhi nzima nikijaribu. Uani sasa ni pakavu, kuta za maghorofa zimetuzunguka na jua linaingia saa sita tu.

Zamani huku nyuma palikuwa pamejaa. Vyumba sita, bomba moja, choo kimoja, majiko ya mkaa yamejipanga. Asubuhi ni ndoo na ugomvi. Jioni Eli anatoa redio aliyoitengeneza, anaiweka barazani, mpira ukitangazwa mtaa mzima unakuja na vigoda vyake. Wanaume wakigombania timu, yeye anacheka tu, ana waya wa risasi ya kuchomelea redio mkononi, harufu yake imeingia mpaka kwenye mito yetu. Hata sasa nikipita kwa mafundi wa simu nikaisikia ile harufu, nasimama.

Na Ramadhani. Eli hakusilimu, lakini mwezi mzima hakuwa anakula mbele yangu. Mchana sijui alikula wapi, sikuuliza. Jioni anakaa mkekani na tende yake mkononi, anangoja adhana kama sisi. Uani walimcheka, wakamwita Shehe wa Marangu. Mwenyewe akisema, "Nitakulaje na mwenzangu ananitazama?" Krismasi mimi ndiye niliyekuwa nikipika pilau ya mbuzi, tena watu wakisema hakuna Krismasi tamu kama ya kwa Mzaramo.

Nimelia. Kazi niliyopewa ilikuwa kuandika majina.

Wengi wamekufa. Wengine wamehama frem zilipoanza kula vyumba mtaani, hakuna ajuaye walipo. Mjumbe wa sasa amehamia juzi juzi. Aliyebaki ni Mzee Salehe, yuko kwa binti yake Kigamboni.

Jumamosi, 17 Mei

Nimekwenda Kigamboni. Nimempelekea Mzee Salehe vitumbua.

Kanijua. Nikafurahi sana. Kaniita Bi Tatu, kacheka, kaniuliza mbona nimekonda. Kisha akasema, "Fundi hajambo? Mwambie redio yangu bado inakoroma."

Binti yake kanitazama kwa huruma. Nikajibu, "Hajambo, Mzee. Nitamwambia."

Hawezi kuwa shahidi. Mahakama haiwezi kumwuliza mtu ambaye Eli kwake bado yu hai. Lakini nilikaa naye hadi alasiri. Ni raha kukaa na mtu anayemngoja Eli.

Jumanne, 27 Mei

Habari mbaya. Wakili wa kina Aminieli ameleta majina ya mashahidi wao. Mmoja ni Mama Zuhura.

Mama Zuhura alikaa chumba kinachotazamana na chetu. Tuligombana kwa sababu ya kamba ya kuanikia nguo, kitu cha upuuzi kabisa. Akasimama katikati ya uani, wanawake wote wapo, akasema, "Mimi nimeolewa kwa mahari na mashahidi. Wewe hawara tu, umejiweka." Nikaingia ndani nikafunga mlango. Mimi, ambaye sikosi jibu. Hatukusemeshana tena mpaka anahamia Mbagala.

Wamempata wapi? Ndiye pekee aliyewahi kulitamka lile neno mbele ya watu, na ndiye waliyemtafuta. Neema anasema nisiwe na wasiwasi. Uso wake ulikuwa na wasiwasi.

Benchini leo mama mmoja kaniuliza kama mkataba wa mdomo unakubalika. Nikamwambia, "Unakubalika, mwanangu, ukiwa na watu waliousikia." Nimekuwa wakili.

Jumamosi, 7 Juni

Idi. Nimepika kidogo. Hakuna aliyekuja.

Alhamisi, 12 Juni

Mahakamani. Hakimu kaanza na mimi kwa kuwa ndimi niliyeweka pingamizi.

Nilidhani nitasema vizuri. Wakili wao kauliza cheti kiko wapi. Sina. Picha ya harusi? Sina. Mahari alipewa nani? Hakuna. Kila "sina" nilijisikia navuliwa nguo moja. Nikaeleza kuhusu nyumba, vitumbua, mabati, kumwuguza Eli mpaka mwisho. Akasema hata mpangaji mwema humwuguza mwenye nyumba.

Kisha Aminieli. Huyu alipokuja Dar kusoma chuo alilala sebuleni kwetu. Nilimfulia mashati. Alikuwa akiniita shemeji asubuhi na jioni. Neema akamwuliza kama ni kweli. Akajibu, "Nilimwita shemeji kwa heshima tu. Dar hapa kila mtu shemeji." Watu wakacheka. Hakunitazama hata mara moja. Yeye si mtu mbaya, ndilo linaloniudhi. Alikuwa kijana mzuri, akipenda ukoko wa wali.

Kesho ni zamu ya Mama Zuhura. Nimeshindwa kula.

Ijumaa, 13 Juni

Niandike kama lilivyokuwa, nisiongeze.

Mama Zuhura kazeeka. Anatembelea mkongojo. Wakili wao akamwuliza kama ananifahamu. Akasema ananifahamu, tulikaa ua mmoja, na mimi ni mwanamke mwenye kiburi. Wakili akatabasamu. Akamwuliza siku ile ya ugomvi aliniita nani.

Akasema, "Nilimwita hawara."

Nikatazama sakafu. Wakili angekaa hapo hapo angeshinda. Lakini alinogewa. Akamwuliza kwa nini alitumia neno hilo.

"Kwa sababu ndilo lililokuwa linamuuma. Nilitaka aumie. Ningemwita mwizi asingejali. Hawara wa kweli ukimwita hawara anakucheka, anakwenda zake. Huyu aliingia ndani akafunga mlango. Uani wote tukajua nimekosea, hata mimi nilijua, ila sikuwa na mdomo wa kusema."

Wakili akataka kumkatisha. Hakimu akasema mwache amalize.

"Jioni Fundi akagonga kwangu. Hakuwa mtu wa maneno yule. Akasimama mlangoni, mume wangu yuko ndani anasikia. Akasema, 'Mama Zuhura, umemtukana mke wangu. Kamba nitakununulia nyingine, lakini mke wangu usimtukane tena.' Kesho yake akaniletea kamba mpya. Sasa nyinyi mnaniuliza kama walikuwa mke na mume. Mimi niliyemtukana najua. Msiotukana mtajuaje?"

Sikulijua hilo. Eli hakuniambia. Kamba mpya niliiona, nikadhani Mama Zuhura kanunua mwenyewe kwa kunikomoa. Miaka yote ile nilikuwa nikifikiri siku ile hakuna aliyenitetea. Jioni ile nilimnunia, nikasema hata yeye kaona aibu kunisemea. Akala chakula chake, akaosha sahani.

Mke wangu. Kwangu hakuwahi kulitumia, aliniita Tatu. Alikuwa akilitumia kwa watu.

Jumatatu, 16 Juni

Nimefungua kijibweta cha zana zake. Nimekifunga tena. Bado siwezi.

Alhamisi, 3 Julai

Uamuzi. Hakimu anasoma kwa sauti ndogo, ilibidi Neema aniinamie na kunirudia. Pingamizi limekubaliwa. Dhana ya ndoa imethibitika, haikupingwa kwa ushahidi wa kutosha. Mimi na Aminieli tutasimamia mirathi pamoja, na nyumba haiuzwi bila ridhaa yangu.

Kisha hakimu akasema, "mjane wa marehemu, Bi Tatu." Nikageuka nyuma kutazama ni nani. Ni mimi. Hakuna aliyewahi kuniita mke kwenye karatasi, na siku wameniita nilikuwa nimeshakuwa mjane. Nimepewa vyote viwili kwa pamoja, sikupata hata siku moja katikati.

Neema alikuwa anafurahi, amenikumbatia. Sikutaka kumharibia. Nikafurahi.

Nje Aminieli alikuja. Akasimama. Akasema, "Shemeji." Nikamwambia, "Nimekusikia." Hiyo inatosha kwa leo, mengine tutayasema nyumbani, kama yatasemeka. Aje tu. Sebule anaijua.

Jumapili, 6 Julai

Sikukaanga leo. Wapagazi wamegonga dirisha, wakaondoka.

Saa nne kabisha mtu hodi kwa mkongojo. Mama Zuhura. Katoka Mbagala peke yake na bajaji, na magoti yale. Sikujua nimwambie nini, nikamtandikia mkeka uani. Hakukaa kwanza. Amenishika mikono yote miwili, kama wafanyavyo watu kwa wafiwa, akasema, "Nimekuja kukuhani, mwenzangu. Pole kwa kufiwa na mume."

Tangu Januari watu wameniambia pole na matatizo. Pole na mgonjwa. Pole na kesi.

Nimelia, na yeye kanikalisha, kanishika kichwa, kaniacha nilie hadi mwisho bila kuniambia ninyamaze. Kisha akaenda jikoni mwenyewe, anajua kila kitu kilipo, akateleka uji. Tumekunywa. Hatukuzungumza kesi. Amesema atalala, kesho watakuja wanawake wengine wa zamani aliowapata, wapo watatu, hawakujua kama nilifiwa.

Amelala sasa chumbani kwake kwa zamani. Mlango wangu nimeuacha wazi.