Jora Jipya Mezani

Shoga, nimejifungia chooni, kikao bado kinaendelea.

Si unajua leo shangazi ana mazungumzo ya video na wale washirika wa ng'ambo, wanaochukua makoti yetu ya mabaki ya vitambaa? Mbunifu wao, yule mama wa miwani, sasa anataka makoti mia nne.

Mabaki yenyewe yaliisha wiki jana. Shangazi hakuwaambia.

Basi simu ikazungushwa waione karakana. Ikamkuta fundi anakata jora jipya vipande vipande. Jora jipya, shoga, karatasi ya kiwandani bado iko juu yake.

Yule mama akauliza, "Hicho kitambaa si kipya?"

Mkalimani ni mimi. Nikasingizia mtandao.

Shangazi akakisia swali, akanikata jicho. "Mwambie, na usipambe. Ni kipya. Oda yenu imezidi takataka zetu."

Nikatafsiri. Mama akavua miwani, akauliza polepole, "Na makoti ya mwaka jana?"

Shangazi ananisubiri nitoke humu nimtafsirie. Yeye anaamini yale yalikuwa mabaki kweli.

Shoga, jora la mwaka jana nililikata mimi.