Pumzi ya Madame Chumbani

Stanleyville, wakati wa mvua

Mke wangu mpenzi, Mama Veronika,

Pokea mkono wangu kutoka huku mbali. Huko Kasongo hamjambo? Kifua cha mtoto kimepona? Mimi mwili ni mzima. Kichwa ndicho sikiamini.

Niliahidi mtakuja nikipata nyumba. Nimepata, tena ya bure, lakini sikiliza kwanza ni nyumba gani. Ni shule ya yoga ya Madame, patroni wangu. Mazoezi hayo alijifunza Uhindi, akaanza na wanafunzi watatu sebuleni. Wazungu wenzake walimcheka wee, kisha haohao wakamletea wake zao. Akajenga chumba kikubwa upande wa maporomoko ya Tshopo, akaniandika kazi ya kutandika mikeka na kufua mashuka. Kila somo huishia kwa kulala chali kama maiti, na ni mwiko kumwamsha mwenzako. Siku moja wote waliamka, yeye hakuamka. Walimngoja kwa adabu mpaka chai ikapoa, Mama Vero! Nami nilisimama mlangoni nikingoja nao.

Akazikwa kimyakimya. Hakuna aliyelia, hakuna matanga. Shule ikafungwa, nikaachiwa ufunguo na ruhusa ya kuleta familia. Tangu hapo, kila alasiri saa ya somo, nasikia pumzi chumbani, ndefu, za taratibu, vile alivyowafundisha. Naogopa, sikufichi.

Juzi niliingia nimkemee. Nikajikuta nimelala mahali pake. Raha yake! Majina yenu niliyakumbuka, lakini sikuwa na hamu na yeyote. Aliyenitikisa ni Tonton Bolamba, jirani mvuvi aliyeniletea samaki.

"Lamuka, Donatien! Unalala fasi ya mufu, donc bibi yako abakie mujane?" akafoka. "Ule mama iko anangoja matanga. Bon, ita bibi yako akuje kumulia."

Nimejaribu mwenyewe. Machozi hayakutoka, nilipumua tu kama yeye.

Basi watoto waache kwa mama yako. Njoo peke yako. Wewe ukilia msibani, hata wasiomjua marehemu hulia. Mlilie Madame, ndipo tuwalete watoto.

Nisalimie mama mkwe, na kaka yangu mshona viatu, ila haya usiwaambie. Veronika mwambie baba anamkumbuka. Leo ni kweli, si kama juzi.

Fanya haraka, mke wangu. Kila asubuhi najiambia mkeka ule wa Madame sitautandika tena, na kila alasiri nautandika.

Mumeo,
Donatien