Mke Wangu Amenihesabu Marehemu

Shangazi mshauri mpendwa, naomba msaada, na tafadhali usicheke kabla hujafika mwisho. Kazi yangu ni kubuni mitandao ya kompyuta isiyo na bosi, yaani kila kifaa kinawauliza majirani zake "Upo?", na kimoja kisipojibu mara tatu wenzake wanakihesabu kimekufa, wanagawana kazi zake, mtandao unajirekebisha wenyewe bila mkono wa mtu, na mke wangu anaijua kanuni hiyo kwa sababu nimemsimulia kila tunapokula tangu tuoane. Sasa tuligombana juu ya bomba la jikoni, ambalo niliahidi kulitengeneza mtoto wetu akiwa hajaota meno na leo anasoma darasa la pili, nikabeba godoro nikahamia ofisini, nikajisemea tulia, hata nyumba itajirekebisha yenyewe. Siku ya kwanza akaniandikia, "Upo?" Nikaona nikijibu nitachochea moto. Siku ya pili, "Upo?" Ya tatu vilevile. Ya nne: "Mara tatu, kimya. Kazi zako nimegawa."

Shangazi, hakutania! Shemeji yangu ametengeneza bomba kwa dakika kumi, mama mkwe anampeleka mtoto shule, na jana mtoto kanipigia simu: "Baba, ukifufuka utalala wapi? Upande wako wa kitanda bibi ameweka pasi." Nampenda mke wangu na ninaogopa, maana mtandao nilioubuni mimi haujawahi kukwama kwa sababu ya kifaa kimoja.

Mimi, Fundi wa Ofisini

Pole, marehemu. Nimecheka, kisha nikakasirika. Nani alikwambia mtandao unajirekebisha kwa kununa? Si umeandika mwenyewe kwamba vifaa vyako vinaulizana na kujibizana kutwa? Kilichonyamaza ni kimoja tu, nacho kimejilaza kwenye godoro ofisini! Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wako umeupata. Mwanamke mwenye hasira akikuuliza mara tatu kama upo, mwanangu, anakupenda huyo.

Nina mpwa wangu anayefanya kazi kama yako. Nimemuuliza, kifaa kilichokufa kikiwaka tena kinafanyaje? Akasema hakirudi na kumbukumbu za zamani kikaanza kuamrisha wenzake. Kinasema "nipo", kinauliza mambo yamefikia wapi, kinafuata kinachoambiwa.

Basi leo hii, kabla ya chakula cha jioni, beba godoro lako ukapige hodi kwenye nyumba yako mwenyewe. Omba msamaha kwa sentensi moja, na neno "mtandao" lisiwemo. Uliza kazi gani imebaki. Hata ukipewa soksi za shemeji, fua. Bomba usilikosoe, ole wako! Ile pasi iondoe ukiambiwa uiondoe. Akikwambia subiri, subiri, ila usubiri palepale mlangoni anapokuona, usirudi ofisini.

Na jambo moja limeniuma. Mimi sikukuuliza kitu, ukaniandikia kurasa mbili. Yeye alitaka neno moja.