Mkanda wa Shemasi

Shambani, South Dakota
Ijumaa, kesho yake baada ya Sikukuu ya Shukrani

Mdogo wangu Joleen,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi. Vipi mguu wa shemeji, umepona? Nasikia huko Arizona jana mlikula nje bila makoti, jambo ambalo sitawasamehe. Mimi ni mzima, ila mtulinga, huu mfupa wa bega uliovunjika Oktoba, unanivuta kila hali ya hewa inapobadilika, na huku inabadilika mara nne kabla ya saa sita mchana. Kaka Verlyn na wifi Bernadine wanakusalimu. Wanakusalimu wakiwa wamenuna, na sababu ndiyo hii ninayokuandikia.

Uliniambia nisikose kukueleza sikukuu ilikwendaje. Ilikwenda vibaya. Jana asubuhi, bata mzinga akiwa tayari yumo jikoni, yule farasi wetu Shemasi alifungua komeo la zizi kwa midomo yake, akavuka ua, akapanda ngazi za baraza la Bernadine. Unajua wifi huweka pai zake barazani zipoe, maana friji hujaa. Zilikuwa nne, zote za boga. Nilipofika na kamba mkononi imebaki moja na nusu, na farasi ana boga mpaka kwenye kope. Akanitazama kwa ile sura yake ya kuombea wafiwa. Marehemu baba hakukosea jina: huyu angekuongoza kwenye sala huku anakupekua mifuko.

Bernadine alitoka na mwiko. Alisema mbele ya wajukuu wake kwamba mnyama huyu hana haya wala shukrani, na kwamba mimi nimemdekeza mpaka amekuwa mwanaume wa pili wa nyumba hii asiyefanya kazi. Kaka akasema hakuna haja ya kelele, Jumamosi si mbali.

Hiyo Jumamosi ndiyo iliyonikosesha usingizi. Kesho saa nne asubuhi yule mnunuzi wa mnadani anakuja na lori. Baba alituachia Shemasi sisi watatu. Kaka ametia sahihi, na wewe umetia, kwa hiyo kura yangu ni ya kupigia nzi. Na tusidanganyane, Joleen. Farasi wa miaka kumi na tisa, mwenye sifa ya kumrusha mpandaji, hanunuliwi akafundishe watoto. Anavushwa mpaka wa nchi, akachinjwe. Siwalaumu. Au tuseme nawalaumu wote, lakini nimefunga mdomo, na utaona kwa nini.

Tukakaa mezani. Sheria ya baba bado ipo: kisu hakimgusi bata mzinga mpaka kila mtu ataje anachoshukuru, na huruhusiwi kurudia cha mwenzako. Ndiyo maana wote hukimbilia kusema mapema, na mimi kila mwaka hubaki wa mwisho wakati afya, mvua na nchi vimeshachukuliwa. Kaka alishukuru kwamba dada yake yuko hai baada ya ule mwanguko wa Oktoba. Bernadine alishukuru kwamba Jumamosi inakuja. Mjukuu wao Tilda, mwenye miaka sita, alishukuru kwa ile nusu ya pai, akauliza kama anaweza kuanza nayo.

Zamu yangu ikafika, na supu ya nyama inaganda. Nikajiuliza, mimi niliyepanda farasi kwa miaka hamsini, nashukuru nini hasa? Huyu Shemasi amenikanyaga kidole gumba mara tatu, siku zote kile kile. Amekula kofia yangu ya kanisani. Akiona mfuko wa plastiki anatetemeka, akiona fahali anapiga miayo. Kila asubuhi naamka gizani nivunje barafu kwenye birika lake la maji zizini, yeye anasubiri nimalize ndipo aende kunywa mtoni. Ningeitoa hiyo hotuba wangecheka, na labda wangelainika. Badala yake nikasema nashukuru kwa viazi. Kaka akasema viazi vimeshasemwa. Nikasema basi kwa chumvi yake. Nikala nikiwa na hasira, kwanza nao, halafu na mimi mwenyewe, na hiyo ya pili haijaisha mpaka sasa.

Sasa nisikilize, na usinipigie simu kabla hujamaliza kusoma.

Shemasi hakunirusha.

Unaijua tabia yake, tangu akiwa mdogo: ukimfunga mkanda wa tandiko anavuta pumzi na kuvimbisha tumbo. Unafikiri umekaza, kumbe umekaza hewa. Unamtembeza hatua kumi, anaishusha pumzi, unakaza tena. Mimi ndiye ninayewafundisha watoto wote wa tarafa hii kupanda farasi. Kaza, tembea, kaza tena. Wanaliimba neno hilo mpaka nyumbani kwao. Siku ile ya Oktoba nilikuwa nimegombana na Bernadine juu ya kitu ambacho hata sikikumbuki. Nikakaza mara moja, nikapanda, nikaondoka na hasira zangu. Kule bondeni tandiko likazunguka, nami nikazunguka nalo. Kosa la mtoto wa wiki ya kwanza.

Nilikuwa chini, mtulinga umevunjika, mguu umenasa kwenye kikuku, ile pete ya tandiko ya kukanyagia, na tandiko linaning'inia chini ya tumbo la farasi. Umeshaona farasi wakiwa katika hali ile. Wanapagawa, wanakimbia, wanaburuta chochote kilichonasa. Shemasi, anayeogopa mifuko ya plastiki, alisimama. Mvua ya barafu ilinyesha saa mbili nzima, naye hakuinua kwato, mpaka kaka alipomwona kutoka barabarani.

Na mimi kwenye muda huo nilifanya nini? Nilijinasua, nikatambaa, nikaufungua ule mkanda kwa mkono mmoja na kulitupa tandiko pembeni, ili atakayenikuta asijue kwamba lilizunguka. Kisha nikamwambia kaka kwamba farasi amenirusha. Niliona aibu, mdogo wangu. Niliona heri watu wamseme yeye kuliko wanicheke mimi. Wewe ulilia kwenye simu, ukaniomba tumuuze kabla hajaniua, na bado nikanyamaza.

Wewe ndiye wa kwanza kujua. Najua barua hii haitakufikia kabla ya lori, kwa hiyo sitaifunga bado. Nitavuka ua sasa hivi, nimsomee kaka neno kwa neno.

Msalimie shemeji, na watoto uwabusu wote. Kama umekasirika, kasirika, ila niandikie.

Mimi dada yako,
Marlys

Nyongeza: Nimemsomea. Alisikiliza amesimama, Bernadine naye alisikiliza akijifanya anaosha masufuria. Kaka hakunicheka, na hilo ndilo lililonishinda kulivumilia. Aliniuliza tu kama ni kweli hakuinua kwato. Nikasema kweli. Akamwambia mnunuzi kwa simu kwamba asije. Na Bernadine? Alichukua ile pai nzima iliyobaki, akavaa viatu vya matope, akaelekea zizini. Barua hii uitunze. Kaka anasema mwakani itasomwa mezani zamu yangu ikifika, na hataki kusikia habari za viazi.